Soketi za kufufulia gari kuukuu: tazama mdomoni kwanza

Ujumbe ninaoupokea zaidi kutoka kwa wasomaji wanaofufua magari ya zamani hauhusu injini wala rangi. Unahusu bolti iliyolika kichwa. "Dada, seti ni mpya, hata mafuta ya kiwandani hayajafutika, na bolti ya kwanza tu ya ekzosi imegeuka duara." Inafuata picha ya bolti yenye kutu nyekundu, pembe zake zimepotea, na chini yake swali lilelile: sasa ninunue seti gani?

Nitazipanga, kuanzia ninayoipenda. Ila msitarajie nianze na aina ya chuma. Karibu kila seti siku hizi imepigwa muhuri wa "chrome vanadium" na karibu kila moja ina dhamana ya maisha, maisha ya nani hawasemi. Idadi ya vipande nayo iacheni kwanza, nitaijia kwa hasira baadaye. Chukua soketi moja, au spana boksi kama wengi tunavyoziita, igeuze, utazame mdomoni.

Kasoro ambayo hakuna anayeiangalia

Ukingo wa ndani wa mdomo huwa umesagwa kwa mteremko, kama faneli, ili soketi iingie kwenye kichwa cha bolti bila kuhangaika kuilenga. Ni jambo zuri ukiwa unafanya kazi gizani chini ya dashibodi. Tatizo ni kwamba mteremko huo haushiki kitu. Kichwa cha bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, ile inayofunguliwa kwa soketi ya milimita 10, kina kimo cha milimita 4 tu. Soketi yenye mteremko wa milimita 2 imeshatupa nusu ya kichwa kabla hujakaza mkono. Ongeza kwamba kichwa chenyewe kimechongwa kidogo kwa juu tangu kiwandani, na kwamba kutu imekula kingo zake kwa miaka thelathini. Kilichobaki cha kushikwa ni utepe mwembamba wa chuma katikati, na juu ya utepe huo unaweka mpini wa nusu mita na uzito wako wote.

Kwenye M8 kimo ni milimita 5.3, kwenye M10 ni 6.4, kwa hiyo hali inapata nafuu kadiri bolti inavyokua. Ndiyo maana watu husifia seti yao kwa sababu ilifungua nati za magurudumu. Nati za magurudumu hufunguliwa na chochote. Kinachoonyesha tabia ya soketi ni kabolti kembamba kanachoshikilia bomba au bati la kukinga joto.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Paka ubavu wote wa kichwa cha bolti wino wa maka peni, vesha soketi, kaza kidogo kwa mkono, kisha itoe. Angalia wino umekwanguka wapi. Ukikwanguka kwenye pembe kabisa, soketi hiyo inasukuma pembe na siku moja itazila. Ukikwanguka ndani zaidi, kwenye ubavu ulio bapa, mkao ni mzuri. Angalia pia umekwanguka kuanzia wapi kwenda juu: wino ulioachwa mzima sehemu ya chini ya kichwa ndio kimo ulichoibiwa na mteremko.

Mafundi wakongwe wana dawa yao. Huusaga uso wa soketi kwenye jiwe la kunolea hadi mteremko uishe, wakiichovya majini kila mara ili chuma kisipoteze ugumu kwa joto. Soketi ikitoka hapo inashika kichwa hadi chini. Haitakuwa na kromu tena kwenye ukingo, kwa hiyo ifutwe kwa mafuta. Ifanyeni kwenye soketi ya 10 na ya 12 za ziada, msiiguse seti nzima.

Na pembe ziwe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili ilikuwa na maana kwenye spana ya ringi, ambako unahitaji kuidaka nati kila nyuzi 30 kwa kuwa huna nafasi ya kuzungusha. Kwenye soketi, racheti yenye meno 72 inasogea nyuzi 5 kwa kila jino, kwa hiyo faida hiyo haipo. Unabaki na hasara: mshiko mdogo karibu na pembe za bolti. Zinunueni za kumi na mbili moja moja tu, pale gari linapokuwa na bolti zenye vichwa vya aina hiyo, kama baadhi ya zile za ndani ya injini na za ekseli.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Ko-ken. Nina upendeleo na sioni haya kuusema. Ni kampuni ya Kijapani ya tangu 1946, na kazi yake ni soketi na vishikio vyake. Haikuuzii leo soketi, kesho mashine ya kukatia nyasi. Nazipenda zenye tundu la racheti la tatu kwa nane ya inchi, pembe sita, na hasa zile za Z-EAL, ambazo ni fupi na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo zinapita pale ambapo soketi nene inagota kwenye bodi ya injini. Ninazotumia mimi, wino unakwanguka pale pale ninapotaka. Huja zimepangwa kwenye reli, bila lile sanduku kubwa la plastiki, nami naona ni heri. Huna haja ya seti kubwa. Kwa gari la Kijapani nunua 8, 10, 12, 14, 17 na 19, kisha ndefu za 10, 12 na 14. Kwa vipande hivyo tisa utavua sehemu kubwa ya gari.

Ya pili ni Stahlwille, na kwa nafasi hiyohiyo naziweka Hazet na Gedore. Stahlwille ni ya 1862, Hazet ya 1868, Gedore ya 1919, zote za Ujerumani, na hakuna ugomvi wa maana kati yake. Mwenye Mercedes, BMW au Volkswagen ya zamani hatajutia yoyote. Za Stahlwille ni nyepesi mkononi kuliko unavyotarajia.

Ya tatu, na hapa ndipo pesa ya wengi inapopaswa kuishia, ni za Taiwan: King Tony na Toptul. Uimara wanao. Kinachobadilika ni mdomo, kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo jaribio la wino ni la lazima kabla ya kuchukua. Nikipewa seti ya King Tony na ruhusa ya kusaga soketi mbili, nafanya kazi bila kulalamika.

Ya nne ni Snap-on. Najua nitatukanwa. Ndio waliotangulia, miaka ya 1960, kuja na umbo la ndani linalosukuma ubavu wa bolti badala ya pembe, na wengine wote wamefuata nyuma yao. Ubora hauna ubishi. Lakini mfumo wao ni wa gari la mauzo kumfikia fundi gerejini, na asiyekuwa kwenye njia ya gari hilo analipa bei ya ajabu kwa kitu kilekile. Kwa mtu wa gari moja la mwishoni mwa wiki, sioni hesabu inayokubali.

Ya tano ni soketi kuukuu kutoka gereji iliyofungwa. Kwa mwenye gari la Uingereza lililotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1950 naipandisha hadi ya kwanza, kwa sababu bolti zake nyingi ni za Whitworth, kipimo cha bolti cha Kiingereza cha mwaka 1841, na seti mpya za saizi hizo ni chache. King Dick, kampuni ya Uingereza, bado wanazitengeneza. Ukikuta za Britool zimelala kwenye boksi lenye vumbi, usionyeshe furaha.

Za bei rahisi zisizo na jina: nunua moja moja za kusaga, kukunja na kuchomelea, na za kupoteza. Basi.

Saizi, kabla hujalipa

Seti "kamili" mara nyingi si ya gari lako. Bolti ya M8 kwenye gari la Kijapani hufunguliwa kwa 12, kwenye la Kijerumani la zamani kwa 13. M10 ni 14 kwa Mjapani na 17 kwa Mjerumani. Kwa hiyo mwenye Toyota ataimaliza soketi ya 12 huku ya 13 iking'aa kama siku aliyoinunua. Upande wa inchi wa seti ni mzigo tu kwa wote wawili, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nalipenda sana: nusu inchi ni milimita 12.7. Bolti ya 13 iliyoliwa na kutu, soketi ya nusu inchi inagongwa juu yake kwa nyundo, inakaa imebana, na bolti inatoka. Kinyume chake ni balaa. Soketi ya 13 kwenye bolti safi ya nusu inchi inacheza, na ndivyo pembe zinavyokufa.

Vingine, haraka

Ukitumia mashine ya kufungulia bolti, ya umeme au ya hewa, vesha soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Zile za kromu hupasuka, na vipande vyake havichagui jicho. Nati za mabomba ya breki zina spana yake, ile ya ringi iliyokatwa upande mmoja ipite bomba. Spana ya mdomo wazi itaziharibu. Kwa skrubu za msalaba za magari na kabureta za Kijapani tafuta bisibisi ya Vessel, chapa ya Kijapani, maana bisibisi za kawaida za Phillips huruka nje ya tundu na kulikwangua. Skrubu nyingi za aina hiyo zina kinukta kichwani. Spana ya kupimia nguvu isitumike chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake cha juu, na irudishwe chini kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Kwa bodi, bati la gari ni kama milimita 0.8 hadi 1. Mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi italichomelea, ile ya waya usiohitaji gesi italitoboa na kukukatisha tamaa.

Mahali pa kufanyia kazi

Watu hupima gari, wakasahau milango. Gari la upana wa mita 1.7 linataka nafasi ya mita 4 kwa 7 ili ufungue mlango, uvute kiti, na upite na gia boksi mikononi. Halafu likishavuliwa linachukua eneo kubwa kuliko lilipokuwa zima, kwa hiyo rafu za ukutani ni ununuzi wa mwanzo, kabla hata ya kompresa.

Sakafu iwe ya zege na iwe sawa. Lami ikipata jua inalainika na miguu ya stendi za kushikilia gari inazama; weka ubao mnene chini. Shimo la kufanyia kazi chini ya gari lina hatari yake: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia humo. Tangi lisifunguliwe juu ya shimo, na taa ya humo isiwe ya kuazima kutoka sebuleni.

Stendi ndizo zinazonirudisha kwa wauzaji. "Tani 3" iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya jozi, na maelezo hayo yako kwa herufi ndogo upande wa chini, penye gundi ya bei. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliziita zirudishwe kutoka sokoni stendi zake kwa sababu meno ya kufungia hayakushika sawasawa, kisha baadhi ya zile za kubadilishia nazo zikaitwa zirudishwe. Mimi nachagua zenye pini inayopita pande zote mbili, naiona kwa macho, na jeki haishikilii gari wakati nipo chini.

Ugonjwa ni uleule kwenye sanduku la "vipande 108". Hesabuni siku moja. Karibu nusu ni vichwa vidogo vya bisibisi, na mle kuna soketi ya 10 moja. Muuzaji naye hataki ulifungue, eti utapoteza mhuri. Nilipotoa bolti na maka peni mfukoni, mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nilimwambia vyote viwili, kisha nikanunua kwa jirani yake.

Na kompresa, ndizo mbaya zaidi. Namba kubwa ya lita kwa dakika iliyobandikwa kwenye tangi kwa kawaida ni hewa inayoingia kwenye pistoni. Inayotoka kwenye mpira ni pungufu sana, mara nyingi kwa theluthi. Bunduki ya rangi inaweza kutaka lita 250 hadi 400 kwa dakika, na kupuliza mchanga kunataka zaidi. Dai namba ya hewa inayotoka kwenye presha ya baa 6 au 7, na iwe imeandikwa. Wengi watakujibu kwa kukutajia nguvu ya mota.