Duka la leso Biashara Street, hapa jina kwanza rangi baadae

Nliingia kumtafutia wifi yangu leso, tumenuniana tangu Ramadhani, nikadaka moja ya zambarau tamu kweli, mzee wa duka akaniuliza mwanangu, ushasoma jina, yale maneno yalioandikwa kwenye leso? Kusoma, "Hasidi hana sababu". Yallah, si ningeanzisha vita! Akanitolea "Wema hauozi", akanambia hii umpe kwa mkono wako usimtume mtoto. Maduka mengine watakuuzia tu.

Fundi wa kupinda yuko hapo nje, hakawizi. Ila leso nyekundu inatoa rangi, ifue peke yake mara ya kwanza, na Jumamosi msiende, mtasukumwa mpaka basi. Wifi kaivaa jana, hajasema neno lakini kaniletea mahamri.