Katuni ya tembo mdogo "iliyotafsiriwa": nyota mbili, na moja ni ya muziki

Naongelea ile katuni ya tembo mdogo anayeutafuta mto uliopotea, inayowekwa kwenye flashi kwa shilingi 500 hapa Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu. Jina halitakusaidia kuipata wala kuikwepa, maana kila banda la muvi linaibatiza upya, na jalada lililobandikwa ukutani mara nyingi ni la muvi nyingine kabisa. Utaitambua kwa tembo mwenye kitambaa chekundu shingoni na kunguru anayeongea bila kuvuta pumzi. Hapa mjini zinazunguka nakala mbili, ya Kiingereza na iliyotafsiriwa na DJ, yaani mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Nimezitazama zote kwenye TV ya inchi 32 yenye sabufa, na shida zake hazifanani.

Wazazi wengi walioinunua wanalalamika kwamba imechorwa vibaya. Hapo sikubaliani nao. Vumbi, manyoya ya kunguru na mwanga wa jioni vimetengenezwa na watu wanaojua kazi. Kinachokera ni mwendo. Tembo akitembea usimwangalie usoni. Angalia unyayo wake na jiwe lililo karibu. Unyayo ukishakanyaga hautakiwi kusogea mpaka unyanyuliwe. Humu unateleza karibu kila hatua. Mhuishaji, yaani anayeipa michoro mwendo, hutengeneza hatua chache akazirudia, kisha mwili mzima unasukumwa mbele kwa kasi iliyopangwa kivyake. Kama hatua ina urefu wa mita moja na mwili unasukumwa mita moja na nusu, ile nusu mita lazima itokee kwa kuteleza. Dawa ni kupunguza kasi au kurefusha hatua, kipande kimoja cha picha baada ya kingine, na hiyo ndiyo kazi waliyoikwepa. Watoto wa wazazi hao wanasema tu kwamba tembo "anaelea", na wako sahihi.

Kibaya zaidi ni pale anapokimbia. Wamempa shoti ya farasi: miguu yote minne inaachana na ardhi, masikio yanarudi nyuma. Tembo hakimbii hivyo. Hata akienda kasi yake yote, daima kuna mguu ulio chini. Katika kutembea huanza mguu wa nyuma, ukafuata wa mbele wa upande uleule, kisha upande wa pili, na unyayo wa nyuma hutua karibu palepale ulipotoka wa mbele. Mnyama ambaye mama yake ana uzito wa tani tatu hivi akirukaruka kama mbuzi, uzito wote umeshapotea, na ukipotea uzito hata akianguka korongoni hakuna mtoto anayeshtuka.

Kuna lawama moja ambayo naitoa mabegani mwa watengenezaji: kukwamakwama kwa picha. Sinema huenda kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono huacha kila mchoro ukae fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na jicho halilalamiki. Nakala ya Kiingereza haikwami. Iliyotafsiriwa inakwama kwa sababu aliyeihifadhi upya ameigeuza kuwa fremu 30, kwa hiyo baadhi ya fremu zinarudiwa na nyingine hazirudiwi. Utaliona hilo kamera inapopita polepole juu ya mbuga: milima inaenda kwa kudundadunda.

Tuje kwenye hadithi, ambako hakuna wa kusingiziwa. Mwanzo ni mzuri. Ukame umeingia, mto umekauka, kundi lina kiu. Halafu anakuja kunguru na habari za jiwe la ajabu lililoko mlimani, ukiligusa maji yanarudi. Kuanzia hapo kiu imekwisha. Tembo anaimba, anapigana na fisi, anacheza na nyani, na kwa zaidi ya nusu saa hakuna hata mmoja anayetafuta tone la maji. Kilichomtoa nyumbani kimesahauliwa, kwa hiyo safari haina haraka. Watoto wa miaka minne mpaka sita huanza kutoka nje hapohapo. Wenye miaka minane na kuendelea hubaki, lakini kwa ajili ya kuuliza: kwani hawa hawasikii kiu?

Mtoto wa Dodoma huliona kosa hilo haraka kuliko mtoto aliyezoea bomba lisilokatika. Makorongo ya huku hukauka muda mfupi baada ya mvua kuondoka, na watu hufukua mchanga kuyafuata maji chini. Tembo nao hufanya hivyo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hufukua mchanga wa mto uliokauka kwa miguu na mkonga mpaka maji yachimbuke, na wanyama wengine hunywa kwenye visima hivyo. Tukio lote limekaa tayari: mama anafukua, mtoto hafikii, swala na nyani wanasubiri zamu yao, fisi nao wana kiu. Waandishi waliliacha hilo wakachukua jiwe linalong'aa. Mibuyu yao nayo imejaa majani mabichi katikati ya kiangazi, wakati mbuyu ukiuona mwezi wa Agosti kule Chamwino umebaki matawi matupu. Na tembo mdogo kiasi kile anautumia mkonga kama mkono, anafungua fundo la kamba! Ndama wa tembo katika miezi ya mwanzo mkonga wake humshinda, hunyonya kwa mdomo, wakati mwingine huukanyaga. Vichekesho vya bure hivyo, vimeachwa chini.

Wapo wanaoitetea kwamba bajeti ilikuwa ndogo. Utetezi huo una kazi ngumu tangu Machi 2025, katuni ya Flow ya nchi ya Latvia, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis, ilipochukua Oscar ya katuni bora ndefu. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo kijana yeyote wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anaweza kuishusha leo, na haina neno hata moja la mazungumzo. Ni paka, mbwa, kapibara (mnyama kama panya mkubwa sana), lemuri (mnyama afananaye na kima) na karani tamba ndani ya mashua, maji yakiwa yamefunika nchi. Waliotengeneza waliwatazama wanyama kwanza. (Karani tamba ni yule ndege mwenye miguu mirefu anayetembea mbugani akiwinda nyoka, inapendeza kumwona kwenye skrini bila kuvalishwa suruali.) Haihitaji DJ wala maandishi chini, ingawa kwa aliye chini ya miaka sita zipo sehemu za kutisha.

Sasa nakala iliyotafsiriwa, ambayo ndiyo inauzwa zaidi. Kwenye muvi za kupigana sauti ya DJ mmoja haina shida, mtu mzima anajua nani kampiga nani. Kwenye katuni ya watoto inaua. Mama tembo, mtoto, kunguru na fisi wote wana sauti ya mwanaume mmoja, na mtoto mdogo akishindwa kujua nani kaongea anaacha kufuatilia. Nyimbo zimeachwa kwa Kiingereza. Pia kuna utani wa baa na wa mademu ambao haukuwemo kwenye hadithi kabisa. Mzazi asiyekaa karibu atausikia ukirudiwa mezani.

Sauti yenyewe inapanda na kushuka, na wengi wanadhani TV imeharibika. Haijaharibika. Mtengenezaji anapotaka muvi yake iingizwe lugha nyingine hutoa muziki na milio peke yake, bila maneno, na sauti mpya zinawekwa juu yake. DJ wa mtaani hana kitu hicho. Ana sauti moja iliyochanganyika, kwa hiyo kila akifungua mdomo anaishusha yote, ngurumo na muziki pamoja, na akinyamaza anairudisha juu. Ndiyo maana unabaki na rimoti mkononi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sabufa huongeza tatizo, kwa sababu DJ kaongea mdomo ukiwa umegusa maiki na besi imejaa. Punguza besi mpaka karibu na mwisho na uongeze trebo (sauti nyembamba), au chomoa sabufa utumie spika za TV. Maneno yatasikika vizuri zaidi. Midomo hata usiiangalie. Sauti za m, b na p hufunga mdomo, na hapa DJ anasema "mama" tembo akiwa ameachama.

Kama bado unaitaka, usilipe kabla hujaijaribu palepale bandani. Mwambie kijana aipeleke katikati, kisha dakika kumi kabla ya mwisho, kwa sababu mafaili yaliyokatika wakati wa kushushwa huwa mazima mwanzoni. Omba MP4 ya H.264, yaani namna ya zamani ya kubana video. Ukiwekewa H.265, TV nyingi za zamani zitatoa sauti na skrini nyeusi, au zitakataa faili moja kwa moja. Ukipata picha bila sauti, mara nyingi sauti imehifadhiwa kwa DTS, namna ya kuhifadhi sauti ambayo TV yako haiisomi; omba yenye sauti ya AAC. Flashi iliyofomatiwa (iliyopangwa kupokea mafaili) kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, na TV nyingi za zamani hazisomi aina nyingine, kwa hiyo usikubali "HD kubwa" ambayo haitaingia. Nyuso zikionekana pana na tembo kama kakaliwa, badili ukubwa wa picha kwenye menyu ya TV. Hilo halina uhusiano na muvi.

Na tuambizane ukweli, nakala hizi karibu zote ni kinyume na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na aliyetengeneza hapati senti. Kwa bando dogo unapata katuni za Ubongo, watengenezaji wa Dar es Salaam, bure YouTube, kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Michoro yake ni rahisi kuliko ya huyu tembo. Watoto hawajali, kwa sababu wanaelewa kinachoendelea.

Nyota moja ni ya mwanzo kabla ya kunguru kuingia. Ya pili ni ya muziki, hasa ngoma za usiku wa kwanza wa safari, ambazo kwenye nakala ya DJ huzisikii. Kwa walio chini ya miaka mitano siishauri. Kama ulishainunua iliyotafsiriwa, bonyeza kitufe cha AUDIO kwenye rimoti kabla hujaifuta: baadhi ya mafaili yana njia mbili za sauti, na ya pili ni ile ya mwanzo, haijaguswa. Ukiipata, waonyeshe mpaka kunguru anapotokea, uzime, uwamalizie mwenyewe kwa mdomo.