Ligi za poka za bure kwenye baa: uzoefu wangu, na gharama zisizotajwa

Nimecheza ligi za poka za bure kwenye baa kwa misimu kadhaa, tena ligi zaidi ya moja, na ninamwandikia yeyote anayefikiria kujiandikisha. Kama unataka kukaa na watu na kushika karata, nenda, utafurahi. Kama unataka kuijua poka, kuna mambo ya kuyapima kwanza, maana yanayoiharibu ligi ya bure hayaonekani siku ya kwanza.

Tuanze na fedha inakotoka. Huko Marekani ligi hizi zilishamiri baada ya mchezaji wa ridhaa, Chris Moneymaker, kushinda shindano kuu la mashindano ya poka ya World Series of Poker mwaka 2003 na kuondoka na dola milioni 2.5. Sheria za majimbo mengi ya nchi hiyo huuhesabu mchezo kuwa kamari ukiwa na mambo matatu: mchezaji anatoa kitu, bahati inaamua, mshindi anapata zawadi. Ligi ya bure huondoa lile la kwanza: hulipi kiingilio. Lakini anayeendesha ligi lazima alipwe, na anayemlipa kwa kawaida ni baa inayotaka viti vyake vijae siku ambazo wateja ni haba. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sina ugomvi na biashara hiyo, ila mchezaji ajue kwamba ratiba ya mchezo hupangwa kwa saa za baa.

Hapo ndipo ubovu mkubwa unapoanzia. Mchezo wenyewe karibu kila mahali ni Texas Hold'em: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua, na kila hatua watu huweka dau, hufuata au hujitoa. Katika kila mgao wachezaji wawili huweka dau la lazima kabla ya kutazama karata zao, mmoja dogo na mwingine kubwa, na madau hayo hupanda kadiri muda unavyokwenda. Chukua mfano: kila mtu anaanza na chipu 5,000 (vidude vinavyohesabiwa badala ya fedha), na madau ya lazima ni 25 na 50. Una mtaji wa madau makubwa 100, unaotosha kabisa kufikiri, kungoja, hata kukosea na kurudi mchezoni. Sasa yazidishe madau hayo mara mbili kila baada ya dakika 15, kama nilivyokuta mara nyingi, ili fainali iishe kabla baa haijafungwa. Dakika 45 zikipita, dau kubwa limefika 400, na mtu ambaye hajapoteza chipu hata moja ana madau 12 na nusu. Saa nzima ikitimia dau ni 800, naye amebaki na sita na ushei. Kwa mtaji huo hakuna tena kumsoma mpinzani wala kusubiri karata ya nne ifunuliwe. Unasukuma chipu zote katikati au unatupa karata, basi.

Tena hakuna mgawaji wa kazi. Wachezaji huchanga na kugawa wenyewe kwa zamu, mmoja mikono yake mizito, mwingine ameenda kaunta, mwingine anauliza zamu ni ya nani. Mgawaji mzoefu wa kasino anaweza kumaliza migao 25 hadi 30 kwa saa. Meza ya baa haifiki karibu na hapo. Meza ya watu tisa inahitaji migao tisa ili kila mmoja apitiwe na dau kubwa mara moja, na nimeona madau yakipanda kabla duara moja halijakamilika. Ree mbili (A, karata kubwa kuliko zote) mkononi huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Mtu anaweza kuhudhuria majuma mengi asizione, na zikija anakuta hana chipu za kuzitumia.

Hata ukiwa nazo, meza ya bure inakunyang'anya faida yake. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban asilimia 85. Wapinzani wakiwa watano, uwezekano unashuka chini kidogo ya nusu. Wakiwa wanane, ni karibu asilimia 35. Ndiyo maana mchezaji mwenye karata nzuri huongeza dau mapema: anataka wengi wajitoe ili abaki na mmoja au wawili. Silaha hiyo hufanya kazi pale ambapo kufuata dau kunauma. Kwenye ligi ya bure hakuumi. Nimewahi kuongeza dau mara sita ya dau kubwa na karibu meza nzima ikafuata, mmoja akisema waziwazi kwamba alitaka tu kuona karata zitakazofunuliwa. Siwezi kumlaumu. Akitolewa anahamia meza ya jirani kupiga soga, na hakuna alichopoteza. Kwa sababu hiyo hiyo kutishia kwa dau zito huku huna kitu, ambako ni nusu ya utamu wa poka, hakuna maana, kwa kuwa yeyote atakufuata.

Madhara yake yanabaki kichwani. Baada ya misimu miwili mitatu mtu amezoea kufuata kila dau, au amezoea kukaa kimya akingoja karata kubwa tu, na anaamini anaijua poka kwa sababu jina lake liko juu kwenye msimamo. Kisha anaalikwa mahali pa fedha. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ligi moja niliyojiunga nayo ilitaka jina, namba ya simu na barua pepe kabla ya kunipa kiti, na haukupita muda nikaanza kupokea matangazo ya tovuti za kucheza poka kwa fedha halisi, zikiwa na bonasi kwa mgeni. Nimeona pia wale waliotolewa mapema wakifungua meza ya fedha pembeni, nje ya ligi, bila msimamizi. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mchezo wa bure anajikuta anatoa pochi mbele ya watu wanaomjua udhaifu wake wote.

Kuhusu vinywaji sitasema mengi, lakini sitanyamaza. Baadhi ya ligi hutoa chipu za ziada kwa anayenunua kitu kaunta. Asiyekunywa pombe, au anayepigana kuiacha, anaanza nyuma ya wenzake. Hapo neno bure limeshapoteza maana yake.

Pointi nazo zina kasoro. Ligi nyingi hujumlisha pointi za msimu mzima, hivyo anayehudhuria kila mara humpita mchezaji bora anayekuja mara mojamoja. Marafiki wakikaa meza moja huoneana huruma: mmoja anatupa karata ili mwenzake asitolewe, na katika mashindano kila anayebakishwa hivyo anawaumiza wengine wote. Ukilalamika, mwamuzi mwenyewe naye anacheza, pengine kwenye meza hiyo hiyo. Na zawadi ya fainali ikiwa ni nafasi katika shindano kubwa mji mwingine, uliza mapema nani analipa nauli na malazi. Mara nyingi ni wewe.

Kuna jema, na ni la kweli. Mtu asiyejua kama karata tano za alama moja (rangi moja) zinashinda karata tano zinazofuatana (mfululizo) atajifunza ndani ya usiku mmoja, bila kuchekwa. Atajifunza kungoja zamu yake, kuficha karata zake, kutozungumzia mgao akiwa ameshajitoa. Nimepata marafiki huko ambao nisingewapata penginepo, na ndiyo maana sijaacha.

Nilimpelekea msimamizi wa ligi yetu mapendekezo. Kwanza akatuongezea chipu za kuanzia hadi 10,000, akiamini amemaliza tatizo. Lakini madau yakizidishwa mara mbili kila ngazi, mtaji mara mbili hununua ngazi moja tu: dakika 15. Kinachosaidia ni kupunguza kasi ya kupanda. Nikamwonyesha mpangilio wa 25 na 50, kisha 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, 150 na 300. Kwa ngazi zile zile za dakika 15, saa ikitimia dau kubwa ni 300 badala ya 800, na mwenye chipu 5,000 bado ana madau zaidi ya 16. Alihofia mchezo kuchelewa, tukakubaliana kuanza saa moja mapema. Akakubali pia kuhesabu matokeo bora tu ya kila mchezaji, si mahudhurio yote, na kumweka mwamuzi asiyecheza. Chipu za kaunta alikataa kuziondoa, kwa sababu baa haikuafiki. Kwa ligi ilivyo sasa ninaipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ninaishikilia mpaka chipu hizo ziondoke.