Uzoefu wangu: miaka 4 nikiendesha Pontiac GTO ya 1968

Nililinunua gari hili, la kale la Kimarekani lenye injini kubwa, kwa mzee mmoja wa hapa Michigan ambaye kwa miaka 11 alikuwa akilipandisha kwenye trela, analipeleka kwenye maonyesho, analishusha, analifuta vumbi kwa kitambaa laini, kisha analirudisha gereji. Miaka yote hiyo halikutembea hata maili 300. Rangi ilikuwa inang'aa kama kioo. Siku niliyolitoa barabarani kwa mara ya kwanza nilikwenda maili 6 tu. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilifurika petroli, injini ikakohoa na kuzimika kwenye taa, ikabidi nishuke nisukume.

Fundi aliyelifungua kesho yake hakushangaa hata kidogo. Petroli ya huku huchanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi, nayo huvuta unyevu. Mafuta yakikaa muda mrefu huacha utando kama gundi, na sindano inayofunga petroli ndani ya kabureta ilikuwa imenata. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mipira ya breki imekauka, sili za oili zimepasuka. Tairi zilikuwa na meno mazuri ajabu, lakini zile tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha zina miaka 14. Hakuna hata kimoja kilichoharibika kwa kutumika. Vyote viliharibika kwa kukaa.

Naandika kwa sababu naulizwa sana na Waswahili wenzangu wa Detroit, Columbus na ng'ambo ya mto kule Windsor, Kanada: ukinunua gari la namna hii, unalifunika au unalitembeza? Jibu langu ni moja. Litembeze.

Na ndivyo lilivyokusudiwa tangu mwanzo. Kwa toleo la mwaka 1964 wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa mhandisi mkuu, walichukua injini ya inchi za ujazo 389 iliyokuwa ya magari makubwa wakaitia kwenye gari la wastani, Tempest. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza injini za zaidi ya inchi 330 kwenye magari ya ukubwa huo. Wao wakapitia mlango wa nyuma: hawakuliita gari jipya, waliliuza kama nyongeza iitwayo GTO, unayoichagua unapoagiza Tempest ya kawaida. Mwaka ule yaliuzwa 32,450. Vijana waliyapeleka Woodward, barabara inayotoka Detroit hadi mji wenyewe wa Pontiac, wakashindana usiku kutoka taa hadi taa. Langu lina herufi P kwenye namba ya chesisi, maana yake lilizaliwa kiwanda cha Pontiac. Kila ninapolipitisha Woodward nalipeleka kwao.

Sasa, linaendeshwaje? Asubuhi yenye baridi unakanyaga pedali mara mbili, unageuza ufunguo, unasubiri. Harufu ya petroli inakuja kwanza, halafu mtikisiko unaousikia kwenye kiti kabla ya masikio. Injini ni lita 6.6, na kiwandani iliandikwa nguvu za farasi 350. Ila wakati ule injini ilipimwa ikiwa tupu, bila mzigo wa sailensa na vifaa vingine, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na takwimu za magari ya leo. Gia ni 4 za mkono. Kabureta ni Rochester ya vinywa vinne: viwili vya mbele ni vidogo, na ukiendesha taratibu ndivyo vinavyofanya kazi peke yake. Kanyaga zaidi, na vile viwili vikubwa vya nyuma vinafunguka. Sauti inabadilika papo hapo, kutoka ngurumo ya chini hadi mvumo mzito unaovuta hewa kama mtu anayezama aliyefika juu ya maji. Kwenye maonyesho hutaisikia kamwe. Watu watatazama boneti iliyo wazi, watapiga picha, wataondoka bila kujua gari hili ni nini.

Kuna kitu kingine ninachokipenda sana. Saa ya mizunguko ya injini haiko kwenye dashibodi. Imewekwa nje, juu ya boneti, mbele ya macho ya dereva. Ukiwa umeegesha ni pambo tu. Ukiwa gia ya 2 unatoka kwenye kona, unauona mshale ukipanda juu ya barabara yenyewe, huhitaji kuinamisha macho. Ndipo nilipoelewa kwa nini waliiweka pale.

Taa za mbele zimefichwa nyuma ya vifuniko vinavyofunguliwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Nilipolinunua, kifuniko cha kushoto kilikuwa kinachelewa, kinafunguka nusu. Bomba la mpira lilikuwa limekauka. Bomba jipya ni bei ya chakula cha mchana, na tangu nianze kuliendesha kila wiki halijanisumbua tena.

Kasoro ninazisema wazi. Langu lilikuja na breki za ngoma magurudumu yote manne. Mara ya kwanza hazina neno. Mara ya tatu ukitoka kasi kubwa, pedali inaanza kulegea. Ukipita dimbwi, gari linavuta upande mmoja. Nilibadilisha za mbele nikaweka za diski, na sijutii, hata kama watu wa maonyesho wananitoa alama. Viti havina pa kuegemeza kichwa, kwa hiyo naacha nafasi kubwa mbele yangu, nisifunge breki ghafla nikagongwa kwa nyuma. Linakunywa karibu lita 20 kwa kilomita 100, tena petroli ya daraja la juu, maana mgandamizo wa injini ni mkubwa. Oili nayo iwe na zinki ya kutosha, la sivyo kemshafti ya zamani, ule mhimili unaofungua vali za injini, inalika. Kuanzia Novemba hadi Aprili halitoki, kwa sababu chumvi ya barabarani hula bodi.

Jambo la karatasi wengi hulisahau. Pleti ya namba ya gari la kihistoria hapa Michigan ni nafuu, lakini gari linaruhusiwa kutoka kwa maonyesho, gwaride, shughuli za klabu na mambo kama hayo. Mwezi wa Agosti peke yake ndio unaoendesha upendavyo. Mimi nikachukua pleti ya kawaida. Bima ya magari ya kale ni nzuri kwa kuwa inalipa thamani mliyokubaliana, ila soma ukomo wa maili kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu Agosti: Jumamosi ya tatu Woodward hujaa magari haya. Mkusanyiko huo ulianza 1995, watu wa Ferndale, mji ulio kwenye barabara hiyo, wakichangisha pesa za uwanja wa mpira. Ni siku ya furaha, lakini foleni inatambaa na injini inapata joto. Mimi hutoka siku nyingine, saa 12 asubuhi, barabara ikiwa nyeupe.

Mwaka jana nilimpitia yule mzee aliyeniuzia. Nilimkabidhi ufunguo. Alikaa kidogo mikono juu ya usukani, kisha tukaondoka. Karibu na Birmingham, mji mwingine wa hapo Woodward, akaingiza gia ya 3 na kukanyaga, vile vinywa vya nyuma vikafunguka, naye akapaza sauti kuishinda injini: "Nilikuwa nimesahau!" Aliendesha hadi Pontiac na kurudi, hakutaka tubadilishane. Tuliporudi bampa ya mbele ilikuwa imejaa wadudu, na wala hakuulizia kitambaa. Aliuliza kama Jumapili inayofuata nina nafasi.