Miezi sita katika nyumba ya walioacha pombe, upande wa Ruashi

Niliingia mwezi wa tano, baridi ya kiangazi ikianza kuuma hapa Lubumbashi. Nilikuwa na begi moja, blanketi la mama yangu, na siku kumi na tisa bila kugusa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Nilitoka mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshafika. Tangu hapo akina mama wenye watoto wanywaji hunisimamisha njiani: "Papa, kule ni kuzuri? Tumpeleke?" Nawajibu wote hapa.

Kwanza mjue kwamba kule hakuna daktari wala sindano. Ni parseli ya kawaida: vyumba vinne, wanaume kumi na mmoja, choo cha nje, bomba linalotoa maji alfajiri tu. Ni makao ya mtu ambaye mwili wake umeshatoka kwenye pombe lakini bado hawezi kurudi kwao. Mimi kwetu ni Katuba. Mama jirani, ambaye nilikula kwake nikiwa mtoto, anapika lutuku ya mahindi na muhogo kwenye pipa, nyuma ya ukuta wetu. Pipa likichemka, harufu hunikuta kitandani kabla sijafumbua macho. Ningeachia wapi pombe mahali kama pale?

Sasa niseme kilichoniponya. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa fundi, hatari haiji usiku, inakuja saa kumi na moja jioni. Karakana imefungwa, pesa ya siku iko mfukoni, koo limekauka kwa moshi, na wenzako wameshakaa kwenye benchi wanakuita kwa jina. Miaka kumi na miwili saa hiyo ilinishinda. Nyumba ile inaijua saa hiyo. Saa kumi na moja kamili lazima uwe ndani ya geti, na ukishaingia hukai: mmoja anawasha mbabula, yaani jiko la makaa, mwingine anachagua mboga za lengalenga, mwingine anapanga madumu ya maji ya kesho asubuhi. Majuma mawili ya kwanza mikono yangu ilitetemeka vibaya jioni. Yaya mmoja, yaani kaka mkubwa kwetu sisi, dereva wa zamani wa malori ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, hakunihubiria. Alinipa mwiko, akasema, "Songa, ndugu, watu wana njaa." Kusonga bukari, yaani ugali, ya watu kumi na mmoja kunataka mikono yote miwili, mgongo na akili. Nilipomaliza kulikuwa giza, na saa ile ilikuwa imepita. Nilisonga hivyo jioni ishirini na mbili mfululizo kwa ombi langu mwenyewe.

Baada ya chakula kuna kikao. Kila mtu anaeleza siku yake, hata kama umeme umekatika. Hakuna anayekatizwa. Kuna jioni nilisema tu kwamba nimepita mbele ya baa moja huko Kenya, ile komuni ya hapa hapa Lubumbashi, na miguu imekuwa mizito, na ikatosha.

Mwezi wangu wa tatu mle ndani walinipigia kura niwe mshika funguo za geti na kisanduku cha pesa. Mjue mimi nilishauza sufuria za dada yangu, na mbabula yake pia, ikiwa bado ya moto. Kwetu walikuwa wanafungia hata sabuni. Kupewa kisanduku na watu wanaojua mambo hayo yote, kwa sababu niliyasema mwenyewe mbele yao, kulinikosesha usingizi usiku mzima. Sikuwahi kukosa hata faranga moja. Kila Jumapili tulihesabu wote pamoja mezani, na mimi ndiye niliyekuwa naomba tuhesabu mara ya pili.

Bei ni dola 35 kwa mwezi, na faranga 1,500 kila siku kwa unga na makala, yaani makaa. Miezi miwili ya kwanza ndugu zako wanaweza kukulipia. Baada ya hapo unalipa kwa kazi yako. Akina mama wanalalamika sana juu ya hilo. Mimi naona ni sawa kabisa, maana tangu mwezi wangu wa tatu nilianza kulala kwenye kitanda nilichokilipia mwenyewe.

Kuna mambo mawili nisiyoweza kuyanyamazia.

La kwanza ni hatari. Wanapokea mtu bila kumuuliza alikunywa mwisho lini. Mwezi wa saba aliletwa kijana mmoja moja kwa moja kutoka kwenye kunywa. Usiku wa pili alitoka jasho, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, kisha akaanguka kwa degedege. Tulimshikilia kichwa asijigonge sakafuni, tukampakia kwenye taksi, akapona kwa neema ya Mungu. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, mwili unaweza kumuua, na siku tatu nne za kwanza ndizo mbaya zaidi. Mimi nilipitia hospitalini kwanza, nikapewa dawa za kutuliza degedege na vitamini B1, ndiyo maana niliingia kwa miguu yangu. Kwa hiyo mama, kabla ya kubisha geti lile, mpeleke hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain cha Frères de la Charité, ambacho kazi yake ni magonjwa ya akili. Msione haya kwenda huko. Nilishamweleza papa msimamizi jambo hili mara tatu, na hapa namweleza mara ya nne, kwa heshima yote.

La pili ni miezi sita. Ikitimia unafanyiwa chakula cha kuagana, unapewa begi lako. Papa msimamizi mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari za Oxford House: mwaka 1975, huko Silver Spring, Maryland, Marekani, wanaume waliokuwa wakiacha pombe walipanga nyumba wakaiendesha wenyewe. Wanapiga kura, wanagawana kodi, anayekunywa anatoka. Sisi tumechukua kura, tumechukua kodi, tumechukua na kufukuza. Lakini kule hakuna tarehe ya kuondoka. Anayelipa sehemu yake na hanywi anakaa hadi aone yuko tayari. Hilo kwa nini tuliliacha? Najua kuna watu wanasubiri nafasi. Basi mtu apimwe kwa hali yake. Wa miezi minne anaweza kuwa tayari, na wa minane bado. Siku yangu ilipofika, kwetu pipa lilikuwa palepale nyuma ya ukuta. Niliponea kwa kuwa wawili tuliotoka pamoja tulikubaliana naye yule dereva, tukapanga vyumba viwili Kampemba. Tunagawana kodi kwa tatu, na saa kumi na moja mbabula inawaka.

Wanawake hawapokelewi. Nilipouliza, niliambiwa nafasi ni ndogo. Wapishi wa lutuku wengi ni akina mama, na wengine huanza kwa kuonja, halafu wanazama. Hao waende wapi?

Vitanda ni vya mbao, magodoro membamba. Chumba cha nyuma hakipati jua, kwa hiyo kama mtoto wako anaingia mwezi wa sita au wa saba, mpe blanketi mbili na soksi nzito. Mtembelee Jumapili mchana, maana siku nyingine geti halifunguliwi kwa wageni. Usimpe pesa mkononi miezi hiyo ya mwanzo hata akilia, na atalia. Mpelekee unga, na ukibaki hadi jioni omba ule bukari aliyoisonga yeye.