Uzoefu wangu na bima ya gari yenye boksi la kupima udereva hapa Uingereza: kutoka paundi 1,860 mpaka 815

Februari 2022 nilinunua Toyota Yaris ya 2009, ndo ile ile Vitz ya nyumbani, paundi 2,100 hapa Reading, af nikaenda kutafuta bima nikaambiwa 1,860 kwa mwaka. Yaani bima inakaribia bei ya gari lenyewe. Nikapiga simu nikijua wamekosea, nikamweleza yule dada kwamba mi nimeendesha Dar miaka tisa, Ubungo, Mbagala, Mwenge kote napajua, sijawahi kugonga wala kugongwa. Akanisikiliza vizuri tu, akasema pole kaka, hiyo rekodi hatuwezi kuitumia, leseni yako ya hapa ina miezi miwili kwahiyo kwetu wewe ni dereva mpya.

Iliniuma sana aisee. Maana nyumbani mi nilikuwa nakata bima ndogo, laki moja na elfu kumi na nane, stika inatoka umemaliza. Ukitaka bima kubwa wanapiga asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT juu yake, basi. Katika miaka yote ile hakuna aliyeniuliza naendeshaje, aliyegonga mara nne na mimi ambaye sijagusa mtu tulikuwa tunalipa sawa. Hapa wanauliza kila kitu, umri, unaishi mtaa gani, kazi gani, gari linalala wapi, umepata leseni lini, una pointi ngapi za makosa kwenye leseni, na zaidi ya yote una miaka mingapi bila kudai fidia. Hiyo ya mwisho ndo yenye hela.

Sasa kwenye simu ile ile yule dada akaniambia ukikubali tukufungie boksi bei inashuka mpaka 1,540. Nikakubali. Fundi akaja nyumbani, kazi ya nusu saa, kidude kidogo nyuma ya dashibodi wala hukioni, na kwenye simu unaweka programu yao. Kila safari inaonyesha njia uliyopita na rangi, kijani, njano, nyekundu, af unapewa alama juu ya 100. Inapima spidi yako ukilinganisha na spidi ya barabara hiyo, breki za ghafla, unavyokanyaga mafuta, unavyokata kona, saa unazoendesha na maili.

Wiki ya kwanza nilipata 61. Sikuamini, mi najiona dereva mzuri kabisa! Nikakaa usiku na ile ramani nikaangalia doti nyekundu moja moja, nyingi ziko kwenye kipilefti na kwenye taa. Nikaelewa. Dar ukiacha nafasi mbele yako bajaji anaingia, bodaboda wawili wanaingia, daladala inaingiza pua, kwahiyo mguu unazoea kukanyaga na kushika breki, kukanyaga na kushika breki, na kipilefti unaingia kwa nguvu la sivyo utalala pale. Huo ndo udereva niliokuja nao. Sikuwahi kugonga ni kweli, ila boksi halijali kama umegonga, linaangalia unaendeshaje kila siku.

Nikaanza kujifunza upya. Taa ikiwa nyekundu kule mbele naachia mafuta mapema gari lishuke lenyewe. Nafasi ya sekunde mbili na gari la mbele, mvua ikinyesha nne. Barabara ya maili 30 ni 30 kweli, sio 34. Kipilefti naingia na gia ya pili taratibu, nikipigiwa honi nyuma basi nimepigiwa honi. Baada ya miezi miwili nikawa 86, 88, na mafuta ambayo nilikuwa naweka ya paundi 45 kwa wiki yakawa yanatosha ya 37 au 38. Hilo silipati kwenye karatasi ya bima lakini ni hela yangu.

Sasa niseme ambacho sijakipenda, na nakisema kwa uchungu kwa sababu wabongo wengi hapa tunafanya kazi za kutunza wazee. Kampuni yangu ilikuwa inakata alama ukiendesha kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Shifti yangu ya jioni inaisha saa 4 usiku kule Wokingham, mpaka ukabidhi ni saa 4 na nusu, na siku mambo yakiharibika unatoka saa 5 na dakika kumi. Mzee akianguka dakika kumi kabla ya shifti kuisha siwezi kumwacha sakafuni nikimbilie gari kisa boksi. Kwahiyo naendesha barabara tupu, spidi ya halali, sijanywa, natoka kazini, na asubuhi nakuta nyekundu sawa na kijana anayetoka klabu. Niliwaandikia mara mbili. Jibu likawa mfumo unahesabu hivyo kwa wote. Mi naona sio haki, na kama kuna mtu wa kampuni za bima anasoma hapa naomba waangalie, barua ya kazi inatosha kuthibitisha.

Kuna na siku mbweha alikatiza mbele yangu alfajiri nikashika breki ya nguvu, breki sahihi kabisa, alama zikashuka tano. Af pale barabara ndogo inapopita chini ya M4, ile barabara kuu ya mwendo kasi, kifaa kikanisoma niko kwenye barabara ndogo ya 30 wakati nilikuwa juu kwenye 70, hiyo walirekebisha lakini ni baada ya mimi kupiga simu. Kwahiyo ukiwa na boksi kagua safari zako kila wiki, usisubiri mwaka uishe ndo ulalamike.

Mwaka wa pili, 2023, wakaniletea 1,395. Ilishuka ila sio kama nilivyotarajia, mwaka ule bima za magari zilipanda nchi nzima na kila mtu analia, jirani yangu mwenye miaka 20 bila madai alipandishiwa. Mwaka wa tatu nikaachana na boksi nikahamia kampuni nyingine, 1,240. Kuhama inabidi uwe na ushahidi wa miaka yako bila madai, barua au hata barua pepe kutoka kampuni ya zamani, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Na ukikaa bila bima ya gari, kwa kawaida miaka hiyo inakufa baada ya miaka miwili, rafiki yangu alirudi Moshi kumuuguza mama yake, aliporudi huku akaanza sifuri.

Nilichojifunza kwa gharama ni hiki, "bila madai" haimaanishi "bila kosa". Novemba 2024 nimepaki supamaketi, narudi nakuta bampa la nyuma limebonyea na mtu kaondoka. Sina kosa lolote, lakini nikidai na mgongaji hajulikani, kampuni yangu ndo inalipa na haina wa kumrudishia deni, kwahiyo kwenye vitabu ni dai langu. Eksesi yangu, ile hela unayochangia mwenyewe kabla hawajalipa, ilikuwa 350. Fundi wa mtaani akasema 180. Nikalipa mwenyewe, ila nikawapigia kuwataarifu kwamba kuna tukio na sidai kitu, maana mkataba unakutaka useme hata kama hudai, ukificha wakagundua siku una shida kubwa wanaweza kukataa.

Februari 2025, miaka mitatu bila madai, pointi sifuri: 815. Nilianza kutafuta siku 25 kabla ya bima kuisha. Nilipojaribu tena siku tatu kabla, kwa udadisi tu, gari lile lile na majibu yale yale, ikaja 960. Sikukaa na kampuni ya zamani kwa mapenzi wala sikuihama kwa hasira, tangu Januari 2022 hawaruhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya wanavyomtoza mpya, lakini kampuni nyingine bado inaweza kukuona tofauti, kwahiyo linganisha tu.

Na tafadhali sana, kuna ule ushauri wa kuandika bima kwa jina la mjomba mwenye rekodi nzuri af unaendesha wewe kila siku. Nilishauriwa hivyo na mtu ninayemheshimu. Huo ni udanganyifu, wakigundua bima inafutwa, na kukamatwa huna bima ni faini ya 300 na pointi 6. Leseni yako ikiwa haijafika miaka miwili pointi 6 zinaifuta, unarudi kuanza na leseni ya mwanafunzi, nadharia, mtihani wa barabarani, yote. Kushika simu mkononi ukiendesha nako ni pointi 6, yaani meseji moja tu.

Mdogo wangu kafaulu mtihani mwezi uliopita, kaletewa 1,720 na boksi, 2,150 bila boksi. Kaniuliza achukue ipi. Nikamwambia kabla hujasaini soma wanakata saa ngapi usiku, na umwombe meneja wako ratiba ya shifti za miezi mitatu. Ratiba inatoka Ijumaa, bei wamemshikia mpaka mwisho wa mwezi.