Uzoefu wangu: injini ya 4E-FTE ndani ya Starlet ya zamani, kazi iliyofanyikia uani

Nimeitumia injini ya Toyota 4E-FTE kwa miezi kumi na mmoja sasa, ndani ya Starlet EP82 niliyoifufua mwenyewe uani kwangu Tabata, na kwa kuwa kila ninapoegesha hujitokeza mtu wa kuniuliza kama anunue injini ya aina hiyo, nimeona ni vyema nieleze nilichokipata, nilichokitumia na yale ambayo muuzaji hakuyasema. Injini yenyewe imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kilichonitoa jasho ni vitu vinavyoizunguka, na humo ndimo zilimoishia fedha na Jumamosi zangu.

Starlet EP82 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1989, ikaendelea hadi 1995, kisha ikaja EP91. Nyingi tunazoziona katika barabara zetu zina injini ya 4E-FE isiyo na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Toleo la GT ndilo lililofungwa 4E-FTE, ambayo ina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1,331, kipenyo kilekile cha silinda cha milimita 74 na mwendo uleule wa pistoni wa milimita 77.4, ila mgandamizo wake umeshushwa hadi 8.2 kwa 1 ili tabo yake aina ya CT9 ipate nafasi ya kufanya kazi bila injini kugonga. Nguvu zake ni farasi 135, na gari lenyewe halifiki kilo 900. Kwa kuwa bloku hizi mbili ni za ukoo mmoja, nilijidanganya kwamba nitatoa moja na kuingiza nyingine katika muda wa wiki sita. Ilinichukua miezi saba.

Gari lilikuwa la mjomba wangu, la gia za kawaida, na lilikuwa limelala chini ya turubai kwa miaka minne. Kuhusu bodi sina mengi ya kusema: matao ya magurudumu ya nyuma yalikuwa yameliwa na kutu, sakafu upande wa dereva ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na fundi wa kuchomelea alizimaliza kasoro hizo kwa siku tano. Rangi niliipiga mwisho, na ndivyo inavyotakiwa, kwa maana injini haitoki wala haiingii bila kukwaruza kitu.

Injini niliinunua Ilala, katika maduka ya vipuri vya mitumba yaliyopo upande wa Shaurimoyo, ikiwa na giaboksi yake ya C52, kwa shilingi 3,400,000. Nilipoomba kuipima mgandamizo hapohapo dukani, muuzaji alicheka. “Kaka, injini ya Japani haipimwi, inafungwa tu.” Nilimwomba betri na stata, nikamwahidi kwamba nisipoichukua nitalipia usumbufu, naye akakubali kwa shingo upande. Tuliilaza juu ya tairi kuukuu, tukatoa plagi zote nne, nikafunga geji. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisoma kati ya psi 150 na 155, ya tatu ikasoma 120. Nilimimina kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi la silinda hiyo ya tatu na kupima tena, ikapanda hadi 145, na hapo nikajua kwamba kasoro ipo kwenye ringi za pistoni, si kwenye valvu, kwa sababu oili huziba nafasi iliyo pembeni mwa pistoni lakini haiwezi kuziba valvu isiyokaa vizuri. Niliikamata pia shafti ya tabo kwa vidole viwili na kuivuta mbele na nyuma, haikucheza. Kipimo hicho cha dakika ishirini kilinipunguzia bei kwa shilingi 300,000, na baada ya gari kutembea kilomita elfu moja hivi, silinda ya tatu ilisoma 140 bila oili yoyote. Ringi zilikuwa zimekwama tu kwa kukaa.

Neno ambalo ningependa wanunuzi walishike kwa tahadhari ni “seti kamili”. Katika seti yangu kamili hapakuwa na shafti za magurudumu, hapakuwa na pampu ya mafuta, na wayaringi ulikuwa umekatwa kwa kisu pale ulipopenya kuingia ndani ya gari, kwa hiyo kontroboksi, yaani kompyuta inayoiongoza injini, ilikuja na mkia wa waya wenye urefu wa kiganja. Kuvipata vitu hivyo kimoja kimoja kulinigharimu zaidi ya nusu ya bei ya injini. Kama ningeanza upya, ningesubiri hadi ipatikane pua nzima ya gari iliyokatwa pamoja na dashibodi yake, hata kwa bei ya juu.

Kabla ya kuifunga nilibadilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za oili za mbele na nyuma, krachi pleti na beringi yake. Nilibadilisha pia vizibo vya chuma vya njia za maji kwenye bloku, ambavyo huoza injini inapokaa bila kulenti (maji ya dawa ya kupozea), lakini kimoja kilichokuwa upande wa nyuma nilikiona kizima nikakiacha. Baada ya wiki tatu kilianza kuvuja, na kukibadilisha injini ikiwa ndani ya gari, kwa mkono mmoja ulioingia kati ya bloku na ukuta wa chumba cha abiria, kulinichukua siku nzima. Kizibo chenyewe bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Kuitoa injini ya zamani kulikuwa sehemu ya raha. Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa malori, alinikataza kutumia tawi la mwembe kama nilivyokusudia. “Kijana wangu, mwembe umeupima na nini?” Tulisimamisha mabomba matatu ya chuma mazito, tukayafunga kileleni kwa bolti, tukaning’iniza cheni bloku ya kukodi ya tani moja, na injini ikatoka na giaboksi yake kwa juu, taratibu, kabla ya adhuhuri. Mpya iliingia kesho yake. Mauntingi, yaani vishikio vya injini, zilikaa penyewe isipokuwa ile ya upande wa giaboksi, ambayo ilihitaji mkono wake wa GT.

Kisha nikafika kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu. Shafti za GT nilizozipata baada ya kuzunguka maduka sita zilikataa kuingia katika habu za gari langu; meno yake hayakulingana. Nikalazimika kutafuta habu za GT, na habu hizo zikadai disiki na kalipa zake. Nilinung’unika siku ile, ila sasa naona ilikuwa heri, maana breki za awali zisingefaa hata kidogo kwa mwendo wa sasa.

Waya ndizo zilizonikomesha. Zilikuwa ishirini na saba za kuunganisha, kila moja na rangi na mstari wake, na nilifanya kazi usiku baada ya kutoka ofisini, nikiwa na mchoro, mita ya umeme na vipande vya plasta nilivyoviandika namba. Nililehemu kila kiungo na kukivika mpira unaonywea kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kujitafutia kuzimikiwa gari mvua ya kwanza ikinyesha. Gari liliwaka kwa mara ya kwanza Jumapili jioni, likatulia, na mzee jirani akapiga makofi. Tatizo lilionekana baada ya siku mbili. Asubuhi liliwaka vizuri kabisa, lakini kadiri lilivyopata joto ndivyo lilivyozidi kunuka petroli, moshi ukawa mweusi na plagi zikatoka nyeusi kama masizi ya chungu.

Nilibadilisha plagi, nikasafisha nozeli, nikalaumu tabo. Wiki mbili zilipita kabla sijagundua kwamba nilikuwa nimepishanisha waya za sensa ya joto la maji na zile za sensa ya joto la hewa inayoingia. Asubuhi maji na hewa huwa na joto moja, kwa hiyo kontroboksi haikuona tofauti. Injini ilipopata moto, kontroboksi iliendelea kusoma joto la hewa ikidhani ndilo la maji, ikaamini kwamba injini bado ni baridi, ikazidi kumimina mafuta. Niliipata kasoro hiyo kwa kuchomoa sensa moja baada ya nyingine na kupima ukinzani wake huku injini ikipata joto. Nilizirudisha waya hizo mahali pake, na harufu ikaisha siku hiyohiyo.

Jambo la pampu ya mafuta msilifanyie mzaha. Pampu ya 4E-FE itaiwasha 4E-FTE na kuizungusha mtaani bila shida, na ndiyo maana mafundi wengi huiacha. Lakini tabo inapojaza hewa na mguu ukiwa chini, mafuta hayatoshi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na pistoni ndizo zinazolipa. Mimi nilitumia pampu ya GT, na sikuibonyeza swichi ya tabo kwenda upande wa High hadi ilipofungwa. Swichi hiyo, kwa wasioifahamu, ipo kwenye dashibodi ya EP82 GT na ina hatua mbili, Low na High.

Joto la Dar es Salaam nalo lina neno lake. Intakula ya injini hii, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, inakaa juu ya injini yenyewe na hupata upepo kupitia pua iliyopo kwenye boneti, na boneti langu la kawaida halikuwa na pua. Katika foleni ya Barabara ya Mandela intakula ilikuwa inapikwa badala ya kupoza, na nilipopata nafasi ya kukanyaga, injini ilikuwa nzito kama iliyoamshwa usingizini. Boneti la GT sikulipata, kwa hiyo fundi bati alikata tundu na kutengeneza pua kwa mkono. Si nzuri sana kwa sura, ila kazi inafanya.

Barabarani, hali ikoje? Chini ya mizunguko 3,000 ni Starlet ileile ya mjomba, ya kwenda sokoni. Juu ya hapo tabo inaamka, usukani unavuta kidogo kulia na kushoto, na gia ya tatu inafika mwisho kabla hujamaliza sentensi uliyokuwa unamwambia abiria. Kwenye vilima vya Kitonga, nikielekea Iringa, nilipita malori kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani nilikuwa nikishuka hadi ya pili na kuomba dua. Mafuta inakunywa zaidi, hilo halifichiki. Nikifika ninakokwenda naiacha inguruma dakika moja kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza tabo, na oili naibadilisha kila kilomita 4,000.

Kuhusu hati, hakikisheni risiti ya muuzaji imeandikwa namba ya injini kama ilivyogongwa kwenye bloku, kwa sababu kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani na ni lazima irekebishwe. Risiti yangu ilikuwa imekosewa tarakimu moja, nikarudi Ilala mara mbili kwa ajili hiyo. Kampuni ya bima niliijulisha pia.

Jumla ya matumizi, ukiacha rangi, ilifika shilingi 7,900,000, na kwa fedha hizo mtu anaweza kununua gari jingine la heshima. Ningemshauri anayeijua kazi ya umeme wa gari, au aliye na rafiki anayeijua, ainunue injini hii bila hofu. Asiye na vyote viwili nadhani atafaidika zaidi akifunga 4E-FE iliyo safi. Kinachonisumbua sasa ni giaboksi tu. Asubuhi, oili ikiwa bado nzito, gia ya pili inakwaruza ninapoipandisha, na hunyamaza baada ya kilomita mbili tatu. Ringi ya sinkro, inayosaidia gia kuingia bila kukwaruza, nimekwisha kuinunua, na mabomba matatu bado yameegemea ukuta wa uani.